Matairi ya Misimu Yote au Seti Mbili? Mwongozo kwa Dereva Aliyehamia Nchi ya Baridi

Kama ulijifunza udereva Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura, tairi ulilijua kwa maswali mawili: lina upepo wa kutosha? Limekuwa kipara? Ukihamia Hamburg, Minneapolis au Montreal, swali la tatu hukungoja kila Oktoba: tairi hili ni la msimu gani? Wenye gereji watakujibu upesi kwa kuwa wana mali ya kuuza. Ndugu waliokutangulia kufika watakujibu upesi zaidi, kila mmoja na lake. Mwongozo huu unakuwezesha kuamua mwenyewe kabla hujafungua pochi.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usome ukijua naelekea wapi. Kinachoamua si wingi wa theluji ya mji wako. Kinachoamua ni kama, siku ile mbaya kuliko zote, unaweza kuliacha gari nyumbani. Anayeweza kupanda treni siku hiyo, matairi mazuri ya misimu yote yanamtosha katika miji mingi. Anayepaswa kuwa kazini saa kumi na moja alfajiri, kabla gari la kumwaga chumvi halijapita mtaani kwake, na anunue seti mbili.

Baridi inalifanya nini tairi

Mpira wa tairi una tabia ya samli: kwenye joto hulainika, kwenye baridi huganda. Tairi la kiangazi limechanganywa kiwandani ili libaki imara lami inapochemka. Hewa ikipoa sana, mpira huo hukakamaa na kuacha kuikumbatia barabara. Tairi la baridi limechanganywa kinyume chake, libaki laini hata chini ya sifuri. Nalo ukiliendesha Julai hulegea mno, huisha haraka, na ukikanyaga breki gari husimama mbali zaidi.

Madereva wa Ulaya hutumia nyuzi 7 za Selsiasi kama mpaka wa kukumbuka. Si sheria, na si kwamba kwenye nyuzi 8 uko salama na kwenye 6 umekwisha. Ni kipimo cha kukukumbusha jambo ambalo wageni wengi hawalijui: tairi la kiangazi linaanza kupoteza nguvu hata kabla chembe moja ya theluji haijaanguka. Lami iliyolowa ya nyuzi 2, isiyo na weupe wowote, tayari ni barabara ya tairi la baridi.

Jambo la pili ni umbo. Chunguza uso wa tairi la baridi utaona mikato myembamba mingi katika kila kipande cha mpira, na mifereji mipana kati yake. Mikato hiyo hufunguka tairi linapozunguka na kung'ata theluji. Mifereji nayo hujaa theluji, na theluji hushikana na theluji vizuri kuliko inavyoshikana na mpira. Ndiyo maana tairi la baridi likiisha mifereji linakuwa bure mapema, hata kama askari wa barabarani bado anaweza kulipitisha.

Tairi la misimu yote ni mapatano kati ya matairi hayo mawili. Kampuni ya Goodyear ya Marekani ilitoa Tiempo mwaka 1977, na tangu hapo Wamarekani wengi wakazoea kutembelea aina hiyo mwaka mzima. Mwaka 2015 Michelin ikaleta CrossClimate barani Ulaya, tairi lililoegemea kiangazi lakini likapata alama ya theluji. Baada ya hapo mapatano haya yameboreka sana. Hata hivyo yanabaki mapatano: kwenye theluji nzito tairi zuri la baridi linalishinda, na kwenye joto kali tairi zuri la kiangazi linalishinda pia.

Alama ya kutafuta ubavuni mwa tairi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, basi nitakaa kidogo.

Ubavuni mwa tairi unaweza kukuta herufi M+S, maana yake matope na theluji. Mtengenezaji huziandika kwa hiari yake, kwa kuangalia umbo la mifereji. Hakuna mtihani unaotakiwa. Alama yenye uzito ni nyingine: mchoro wa mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Hiyo ilianza Amerika Kaskazini mwaka 1999, na tairi haliipati mpaka lipimwe kwenye theluji na lilishinde tairi la kulinganishia kwa kiwango kilichowekwa.

Sasa angalia mtego. Dukani Marekani na Canada, tairi linaloitwa "All-Season" mara nyingi lina M+S tu. Lile linaloitwa "All-Weather" ndilo lenye mlima. Majina yanakaribiana, bei pia zinaweza kukaribiana, lakini uwezo kwenye theluji haukaribiani. Ujerumani neno utakalokutana nalo ni "Ganzjahresreifen", na mengi ya matairi hayo yana mlima, ila bado usinunue kwa kusikia jina. Inama, gusa ubavu, ione alama kwa macho yako. Ukinunua mtandaoni, omba picha ya ubavu.

Kumbuka pia kwamba mtihani wa mlima hufanywa kwenye theluji, si kwenye barafu. Ndiyo sababu lebo mpya ya matairi ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza Mei 2021, ina mchoro wa pili wa barafu kwa matairi yaliyopimwa huko. Ukiishi Sweden, Finland au Norway, mchoro huo ni wa maana kwako. Matairi ya Kaskazini ni laini zaidi, yameundwa kwa barafu. Matairi ya baridi ya Ulaya ya Kati yameundwa zaidi kwa maji na mwendo wa barabara kuu. Mtu wa Stuttgart akiagiza tairi la Finland kwa kuwa linasifiwa, atajikuta na gari linaloyumbayumba kwenye lami ya mvua.

SANDUKU: Sheria inavyosema

*Ujerumani:* Hakuna tarehe maalumu. Barabara ikiwa na theluji, barafu au utelezi wa baridi, ni lazima uwe na matairi yanayofaa. Tangu 1 Oktoba 2024 alama ya mlima peke yake ndiyo inayokubalika. M+S haitoshi tena. Faini huanzia euro 60 pamoja na pointi 1 kwenye leseni. Wenyeji hufuata mazoea ya "kuanzia Oktoba hadi Pasaka".

*Austria:* 1 Novemba hadi 15 Aprili, hali ya barabara ikiwa ya baridi. Mifereji ya tairi la baridi isipungue milimita 4.

*Ufaransa:* Katika maeneo ya milima yaliyotajwa, 1 Novemba hadi 31 Machi.

*Sweden:* 1 Desemba hadi 31 Machi, hali ikiwa ya baridi. Mifereji isipungue milimita 3.

*Quebec, Canada:* 1 Desemba hadi 15 Machi, iwe theluji ipo au haipo. Faini ni kati ya dola 200 na 300, bila gharama nyingine.

*Ontario, Canada:* Sheria haikulazimishi kuwa na matairi ya baridi, lakini tangu 2016 kampuni za bima za magari zinatakiwa kutoa punguzo kwa mwenye nayo. Uliza; usingoje uambiwe.

*Uingereza:* Hakuna sharti la matairi ya baridi.

*Marekani:* Hakuna sheria moja ya nchi nzima. Baadhi ya majimbo yana masharti kwa njia za milimani, kama Colorado kwenye barabara kuu ya I-70.

Ukivuka mpaka, sheria ya kule uendako ndiyo inayokuhusu, hata kama namba ya gari ni ya kwingine.

Amua: maswali ya kujiuliza

Chukua karatasi ujibu kwa ukweli, si kwa matumaini.

1. *Siku ya theluji nzito, naweza kuliacha gari?* Muuguzi wa zamu ya usiku, mfanyakazi wa ghala la nje ya mji, dereva wa kusambaza vifurushi: jibu lao ni hapana. Kwao seti mbili ni kifaa cha kazi. Mwanafunzi anayekaa karibu na kituo cha treni ana jibu tofauti.

2. *Saa ngapi huwa barabarani?* Anayetoka saa tatu asubuhi hukuta barabara imesafishwa. Anayetoka alfajiri huikuta kama ilivyolala.

3. *Njiani kuna mlima?* Kilomita tano za mteremko wa kijijini ni ngumu kuliko kilomita hamsini za barabara kuu iliyomwagiwa chumvi.

4. *Kiangazi kinakuwaje?* Montreal na Minneapolis zina baridi kali na joto kali, kwa hiyo mapatano huumia pande zote mbili. London na miji ya pwani ya Uholanzi haina hata kimoja cha kupindukia. Huko misimu yote inakaa vizuri.

5. *Naendesha kilomita ngapi kwa mwaka?* Swali hili lina hesabu yake, nalieleza hapa chini.

6. *Nina mahali pa kuweka matairi manne?* Ghorofa ya nne bila stoo ni sababu halali ya kuamua. Gereji nyingi hukuhifadhia kwa malipo ya msimu, lakini yaingize kwenye bajeti.

Ukiwa na "hapana" kwenye swali la kwanza, au una mlima kwenye la tatu, usihangaike na mengine: nunua seti mbili. Vinginevyo, kama uko mji wenye baridi ya wastani na huendeshi sana, misimu yote yenye alama ya mlima inakutosha, wala usimwache mtu akutie hofu.

Hesabu ambayo wengi huikosea

"Seti mbili ni gharama mara mbili." Si kweli. Seti moja ikiwa garini, nyingine imepumzika. Tuseme unaendesha kilomita 20,000 kwa mwaka, na seti moja ya matairi hudumu kilomita 40,000. Ukiwa na misimu yote, utanunua mapya kila baada ya miaka 2. Ukiwa na seti mbili, kila moja inabeba kilomita 10,000 kwa mwaka, nazo zote zitafika miaka 4. Katika miaka hiyo 4 umenunua matairi manane kwa njia zote mbili.

Gharama halisi za ziada ziko kwingine: rimu za pili, sensa za upepo, kubadilisha mara mbili kwa mwaka, na mahali pa kuhifadhi. Hizo ndizo za kujumlisha.

Sasa geuza hesabu. Unaendesha kilomita 6,000 tu kwa mwaka. Seti mbili zitabeba 3,000 kila moja, na mpira utazeeka kabla haujaisha. Utatupa matairi yenye mifereji mizuri kwa sababu ya umri. Kwa hiyo kadiri unavyoendesha kidogo, ndivyo misimu yote inavyozidi kuwa na maana kifedha. Kadiri unavyoendesha sana, ndivyo seti mbili zinavyojilipa.

Kununua, hatua kwa hatua

1. Soma ukubwa ubavuni mwa tairi la sasa, kwa mfano 205/55 R16 91H. Linganisha na kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva au kitabu cha gari. Mwenye gari wa kwanza huenda aliweka ukubwa usioruhusiwa.

2. Kwa seti ya baridi, uliza kama gari lako linaruhusiwa rimu ndogo zaidi, mathalani 16 badala ya 17. Matairi yake huwa na bei nafuu, na ubavu wake mnene huvumilia mashimo ya barabara. Rimu za chuma za kawaida zinatosha. Chumvi itazila hata hivyo.

3. Nunua rimu za pili. Kuvua tairi na kulivisha kwenye rimu ileile mara mbili kila mwaka ni gharama ya fundi, na huchosha kingo za tairi.

4. Uliza kuhusu sensa za upepo. Magari mapya ya Umoja wa Ulaya yana mfumo wa kufuatilia upepo tangu Novemba 2014. Kama la kwako lina sensa ndani ya kila gurudumu, seti ya pili nayo inahitaji zake, la sivyo taa itawaka msimu mzima.

5. Soma tarehe. Tafuta namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 3623 maana yake wiki ya 36 ya mwaka 2023. Tairi "jipya" lenye umri wa miaka minne lipatane bei au liache.

6. Nunua manne. Daima manne.

Kuhusu matairi ya mitumba: yapo mazuri, hasa yanapouzwa na rimu na mtu aliyebadilisha gari. Pima mifereji kwanza. Ukiwa Ulaya, chomeka sarafu ya euro 2 kwenye mfereji. Ukingo wake wa rangi ya fedha una upana wa takriban milimita 4. Ukiuona ukingo huo umetokeza, tairi hilo la baridi limebakiza kidogo. Sheria ya Ujerumani inaruhusu hadi milimita 1.6, lakini chama cha madereva cha ADAC hushauri kubadilisha tairi la baridi likifika 4.

Kubadilisha mwenyewe

Kama una rimu za pili, kazi hii haikushindi. Fanyia kwenye sakafu ngumu iliyonyooka, kamwe usifanyie kwenye nyasi wala mteremko.

1. Vuta breki ya mkono, weka gia, zuia gurudumu la upande wa pili kwa tofali au kabari.
2. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini. Ukishainua, gurudumu litazunguka na spana.
3. Weka jeki mahali palipoonyeshwa na kitabu cha gari. Usiingize mwili wako chini ya gari.
4. Vua gurudumu, liandike kwa chaki lilikotoka: mbele kushoto, nyuma kulia.
5. Safisha kutu kwenye kitovu kwa brashi ya waya.
6. Angalia mshale ubavuni mwa tairi la kuvalisha. Matairi mengi ya baridi yana mwelekeo mmoja wa kuzunguka.
7. Kaza nati kwa mkono, kwa kuruka moja: umbo la nyota. Shusha gari, malizia kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango cha kitabu.
8. Jaza upepo kulingana na kibandiko cha mlangoni.
9. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza nati tena. Hatua hii ndiyo inayosahaulika, na kuisahau ndiko kunakotoa gurudumu barabarani.

Upepo hupungua takriban bar 0.1 kila hewa ikipoa kwa nyuzi 10. Uliyojaza Oktoba yatakuwa yamelegea Januari ingawa hakuna pancha. Pima kila mwezi, matairi yakiwa ya baridi, yaani kabla hujaendesha.

Seti inayopumzika iweke penye giza, pakavu, mbali na mafuta na jua. Yenye rimu yapange moja juu ya jingine au yatundike. Yasiyo na rimu yasimamishe wima, uyageuze mara mojamoja.

ONYO: makosa ya kila mwaka

☐ *Kuvalisha mawili tu, kwenye magurudumu ya mbele yanayovuta.* Mbele itashika, nyuma itateleza, na gari litageuka lenyewe kwenye kona.

☐ *Kuamini gari linalovuta kwa magurudumu yote manne.* Litakusaidia kuondoka. Kusimama na kukata kona ni kazi ya tairi. Ndiyo maana baada ya theluji ya kwanza mitaroni hukosi magari makubwa ya kifahari.

☐ *Kumalizia matairi ya baridi wakati wa kiangazi ili "yasipotee".* Yanaisha kwa haraka na yanarefusha breki.

☐ *Kusahau mwendo.* Herufi ya mwisho ya ukubwa wa tairi, kama H au T, ni kikomo cha kasi. Tairi la baridi likiwa na kikomo kilicho chini ya kasi ya gari lako, Ujerumani unatakiwa kubandika kumbusho mbele ya macho ya dereva.

☐ *Kuvalisha matairi ya njumu bila kuuliza.* Ujerumani yamekatazwa. Sweden yanaruhusiwa kwa msimu. Minnesota mwenyeji haruhusiwi. Kila mahali na sheria yake.

SANDUKU: Ukiagiza gari kutoka Japani kwenda nyumbani

Jambo hili linamhusu hata ndugu yako aliyeko Arusha au Eldoret. Mikoa ya kaskazini mwa Japani ina theluji nyingi, na magari yaliyotumika huweza kufika Mombasa au Dar es Salaam yakiwa bado na matairi ya baridi. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, jina la Blizzak la Bridgestone, na mikato myembamba tele. Huonekana mapya, mifereji imejaa, na dalali atayasifia. Kwenye lami ya joto ni matairi ya kuogopa: laini, mepesi kuisha, breki ndefu hasa mvua inaponyesha. Weka gharama ya matairi manne kwenye bei ya gari tangu siku ya kupatana, kisha uyabadilishe kabla ya safari ndefu.

Ukishaamua, piga simu gereji mwishoni mwa Septemba. Theluji ya kwanza ikianguka, miadi hujaa kwa wiki nzima na zaidi, na hutaki kuwa miongoni mwa wanaosubiri huku wakienda kazini na matairi ya kiangazi.